Kasoro ya Mama Msasa

Mara ya kwanza Mama Msasa alipochapa ubao kwa mnyororo wa baiskeli, jirani yake alikuja mbio, mwiko mkononi, akidhani anakwenda kuamua ugomvi. Alimkuta mama mwenye mvi, kitambaa kichwani na ovaroli iliyojaa rangi, amekisimamia kipande cha mbao ambacho hakikuwa kimemkosea mtu. Anachapa, anainama kuchungulia alama, anachagua pengine, anachapa tena.

"Huo ubao umekufanya nini?" jirani akauliza.

"Mpya huu. Wenzake wote ni wazee, wamekaa jikoni kwa watu miaka na miaka, na wenyewe umetoka kwa seremala juzi. Naufundisha adabu kabla haujaingia kundini. Weka mwiko wako chini unishikie huku."

Jirani akaweka mwiko, akashika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama Msasa: ulikuja kuamua ugomvi, ukaondoka na vumbi la mbao kwenye nywele.

Kazi yake ilikuwa hii. Alikusanya makabati, meza, stuli na masanduku ambayo watu walikuwa wameyachoka, akaziba nyufa, akabadilisha mbao zilizoliwa na mchwa, kisha akavipaka rangi na kuichakaza rangi yenyewe, mpaka kitu kikaonekana kimekaa kando ya dirisha lenye jua na upepo maisha yake yote. Wenye akili zao walimuuliza kwa nini apake rangi halafu aikwangue. Swali hilo hakuwa na subira nalo. "Na wewe mbona unatandika kitanda halafu unakilalia?" alijibu.

Hakuianza kazi hiyo ujanani. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga rangi katika duka kubwa la samani, kule nyuma ambako wateja hawafiki, barakoa usoni na mashine ya kunyunyizia mkononi. Rangi yake iling'aa kiasi kwamba wasichana wa mauzo walichania nywele mbele ya milango ya makabati. Halafu mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzo ulitetemeka kidogo tu, akadhani ni njaa. Baadaye rangi ikawa inaacha matone na mawimbi, na rangi inayong'aa haina huruma, tone moja linaonekana kutoka barabarani. Msimamizi akamwita ofisini, akamshukuru sana, na shukrani zile zikamsindikiza hadi getini. Alirudi nyumbani na barakoa yake mfukoni na hasira ambayo, kusema kweli, haijaisha mpaka leo, wala mwenyewe hataki iishe.

Kilichomwokoa ni mshumaa. Jioni moja umeme ulikatika wakati anapaka stuli yake ya jikoni, ili tu mikono isikae bure. Akawasha mshumaa, mkono ukatetemeka, nta ikadondoka ukingoni mwa stuli, juu ya rangi ya kahawia iliyokwisha kukauka. Akalaani, akapaka nyeupe juu yake hivyo hivyo. Asubuhi alipopitisha tambara, ile nyeupe ikabanduka pale penye nta, kahawia ikachungulia, na stuli ikaonekana imekaliwa na ukoo mzima. Mama Msasa aliitazama kwa muda. Hapa palikuwa na kazi ambayo mkono unaotetemeka hauiharibu. Aliifuata kazi hiyo kama mtu anayedai chake.

Kanuni yake ilikuwa moja, na kwa kanuni hiyo alikuwa mkali: kitu kichakae pale tu ambapo mkono wa mtu ungekichakaza. Katikati ya mlango wa kabati hapachakai, nani anashika huko? Panachakaa ukingoni, chini ya kishikio, pale vidole vinapojikunja. Panachakaa mdomo wa droo, na ule mguu wa meza ambapo watu hupumzisha viatu. Kwa hiyo kabla ya kusugua mshumaa alimsimamisha mteja mbele ya kabati, akamwambia afungue na kufunga, huku yeye akitazama mkono. Mteja wa mkono wa kushoto alichakaziwa kishotoshoto. Mafundi waliokwangua ovyo kila mahali aliwaita panya, na aliwaita hivyo mbele yao.

Sasa, Mama Msasa alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, ambaye watu walimwita Meneja tangu akiwa darasa la kwanza, kwa sababu alikuwa akiwapangia kazi hata walimu. Alikua akawa muuza vigae. Duka lake liling'aa kuanzia sakafu hadi dari, na nyumba yake vivyo hivyo. Ukiingia sebuleni unakiona kidevu chako kwa chini. Alimpenda mama yake, hilo lisemwe mapema ili asije akaonewa. Ila alimpenda kama alivyopenda vigae: akae mahali pake, asisogee, asipate ufa.

Kila Jumapili alikuja na neno lile lile. "Shikamoo mama. Bado hujapumzika tu?"

"Marahaba. Kupumzika na nani?"

Alichotaka Meneja kilijulikana mtaa mzima. Mama ahame, aende kuishi kwake. Chumba cha mbele, kile kilichotazama barabara, chenye makopo ya rangi, makabati yasiyo na milango na milango isiyo na makabati, kiondolewe kazi, kipangishwe. Alikwisha kumpata mpangaji, kijana anayeuza vifaa vya simu, na kijana huyo alikuwa ameshapita mara kadhaa kupima ukuta kwa macho.

Jumapili moja mambo yalifika pabaya. Mama Msasa alikuwa na kabati la nguo la milango miwili, zito, la mbao nzuri, alilolinunua kwa familia iliyokuwa ikihama. Aliivua milango, akaondoa bawaba na vishikio, akaziba matundu, akailaza yote miwili mezani. Kahawia ilikwisha kukauka. Alikuwa anasugua mshumaa kwenye kingo, ili akishapaka nyeupe pabanduke hapo, wakati mwanawe aliposimama mlangoni na kuziba mwanga.

"Mama, watu wananiuliza. Wanasema mama yako anaharibu vitu vya mbao pale mbele, kwani hamna chakula nyumbani?"

"Waambie chakula kipo, waje wale."

"Halafu huo mkono. Siku moja kisu cha kukwangulia kitakukata, na mimi nitakuwa dukani, nani atajua? Mikono ya namna hiyo ni ya kushika rimoti, mama, si visu."

Mama Msasa alikuwa anamtazama. Alimtazama kuanzia viatu hadi kipara kilichoanza kuingia, na mkono wake ukaendelea kusugua mshumaa kwa nguvu, ukingo mzima, juu hadi chini, bila yeye kuangalia ni ukingo gani. Mwanawe alipoondoka akapaka nyeupe, akaiacha ikauke, akakwangua, akapaka rangi ya viatu ya kahawia na kuifuta ili mipasuko ipate uchafu wa miaka. Ilitoka kazi safi sana. Ila alipoirudisha milango kwenye kabati ndipo alipoona. Mlango wa kulia ulikuwa umechakaa vizuri, pale vidole vinaposhika. Wa kushoto ulikuwa umechakaa upande wa pili, kwenye bawaba.

Katika kazi ile hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Hakuna binadamu anayefungua mlango kwa kushika bawaba. Mama Msasa alikaa chini kabisa, sakafuni, akalitazama kabati lake linalosema uongo. Dalali wa samani alipita siku iyo hiyo, akalizunguka, akataka kulichukua.

"Hilo acha," akamwambia. "Lina kasoro, mlango wa kushoto."

Dalali akatazama. "Mbona silioni kosa lolote?"

"Ndiyo maana wewe ni dalali."

"Hakuna atakayeona, mama." Na kwa kuwa Mama Msasa hakutaka kuliona tena mbele ya macho yake, akamwachia. Usiku huo hakuonja chakula.

Meneja naye alikuwa amebadilisha mbinu. Alirudi akiwa mpole, akakaa kwenye sanduku lililopinduliwa, suruali yake safi ikapata vumbi na hakusema kitu, jambo ambalo lilimtia mama yake wasiwasi.

"Nimekutengenezea chumba," akasema. "Njoo ukione tu. Ukikuta kasoro moja, moja tu, sitaligusia tena jambo hili mpaka naingia kaburini. Usipoikuta, unahama."

Mama Msasa alijua chumba kilichotengenezwa na muuza vigae hakikosi kasoro. Angeanza na sakafu. "Lete mkono," akasema. Wakashikana, wa mama ukitetemeka ndani ya wa mwana, na wote wawili wakatazama pembeni.

Alikwenda amevaa nguo zake nzuri, tayari kwa vita. Mkwe wake alimpokea mlangoni kwa heshima zote, akamnong'oneza, "Mama, ameshinda humo siku zote hizi. Mimi mwenyewe hanifungulii." Alikuwa mwanamke mcheshi, asiyependa kelele, na uso wake ulionyesha kwamba leo alitarajia kufaidi.

Mama Msasa akaanza na sakafu. Haikung'aa. Meneja, yule yule, alikuwa ameweka vigae vya kukwaruza, mguu haukuteleza hata akiusukuma makusudi. Akaenda dirishani, linafunguka kwa kidole. Akakaa kitandani, urefu wake ni wa magoti yake hasa. Swichi ya taa iko kando ya mto. Bafuni kuna chuma cha kushikia, na kimekazwa, alining'inia hapo akakitikisa. Bomba la maji halikuwa la kuzungusha. Lilikuwa la kusukuma kwa kiganja, ambalo mkono wowote unaliweza, hata wake.

Mama Msasa alilisukuma bomba lile, maji yakatoka. Kila kitu humu kilikuwa kimefikiriwa na mtu aliyekuwa akimtazama kwa siri, akijua asubuhi ngapi zinamshinda. Alitaka kulia na alitaka kumchapa. Kutafuta kasoro hapa kulikuwa ni kujidhalilisha.

"Bado kimoja," Meneja akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeujua ushindi. Kwenye kona kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka. "Najua unapenda vya kale. Nikasema nikutafutie cha kale cha kweli." Akavuta shuka.

Lilikuwa kabati la nguo la milango miwili, zito, la mbao nzuri.

"Limetoka kwenye nyumba ya matajiri wa zamani," Meneja akaendelea, akipapasa mlango. "Muuzaji ameniapia. Vizazi vinne, mama. Tazama hapa, mikono ya watu wanne tofauti, baba, mwana, mjukuu, kitukuu. Uchakavu kama huu hautengenezwi. Wako, usinikasirikie, mtu anaujua kwamba ni wa mshumaa."

Mama Msasa akasogea karibu. Mlango wa kulia ulikuwa umechakaa pale vidole vinaposhika. Wa kushoto ulikuwa umechakaa kwenye bawaba.

Kasoro ndiyo hiyo. Ilikuwa imesimama mbele yake, kubwa kuliko mtu, na ilikuwa yake mwenyewe. Akinyamaza, chumba hakina dosari, amefungwa na neno lake, na kijana wa simu anaanza kutoboa kuta wiki ijayo. Akisema, anakiri mbele ya mwanawe, yeye kuliko watu wote, kwamba mkono ule umekosea. Kwa muda alisimama pale akipapasa kitambaa chake cha kichwani. Kwa watu wengine hiyo ndiyo saa ya kujifanya hamnazo. Lakini kabati lile lilikuwa likimdanganya mwanawe, na yeye hakulichakaza ili lidanganye mtu.

"Fungua mlango wa kushoto," akasema.

Meneja akafungua.

"Umeshika wapi?"

"Hapa, kwenye kishikio."

"Na rangi imeisha wapi?"

Meneja akatazama. Akafunga, akafungua tena, akatazama vizuri zaidi. "Kule," akasema polepole.

"Kule ni kwenye bawaba. Sasa niambie, katika hao wanne wako, baba, mwana, mjukuu na kitukuu, ni yupi alikuwa anafungua kabati kwa kushika bawaba?"

Mkwe akakohoa, akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

"Labda walibadilisha milango," Meneja akasema.

"Hawakubadilisha. Aliyeiweka ni mimi. Ingiza mkono chini ya rafu ya chini, kushoto. Kuna kibao kipya chenye alama za mnyororo, na msumari mmoja umepinda. Niliuacha umepinda kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe."

Meneja akapiga magoti kwenye vigae vyake. Mkono ukaingia, ukatafuta, ukasimama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

"Ni Jumapili ile," Mama Msasa akasema. "Umesimama mlangoni unaniambia habari za rimoti. Nikasugua ukingo usio wenyewe. Dalali nilimwambia lina kasoro, hayo ya matajiri ameyaongeza yeye, na nitakutana naye."

Meneja akainuka, akajikung'uta. Alikuwa ameaibika, na mtu akiaibika hutafuta jiwe la karibu. "Sawa. Basi umekosea. Mkono wako umekosea, mama, kama ninavyokwambia kila siku."

Hapo ndipo Mama Msasa alipojinyoosha, na mkwe aliyekuwa akicheka akaacha.

"Mkono haukukosea. Macho ndiyo yaliyokosea, kwa sababu yalikuwa yanakutazama wewe. Mkono ulifanya kazi nzuri kiasi kwamba hata wewe, mwanangu, unayeiona kazi yangu kila Jumapili na kuidharau kila Jumapili, ukalipia na kuiita vizazi vinne."

Nje mtu alikuwa akiosha gari.

"Kasoro ni ya kabati," Meneja akasema mwishowe. "Si ya chumba."

"Na kabati liko wapi?"

Meneja akalitazama kabati, kisha kuta za chumba.

"Na hata hilo liache. Nikwambie ukweli. Hata nisingeona kasoro nisingehama. Nilikupa mkono kwa kiburi, nikidhani nitakushinda mapema, na chumba chako kikakaribia kunishinda. Ni chumba kizuri. Siku nikishindwa kusimama nitakuja kulala humu na nitakushukuru kila asubuhi kwenye lile bomba. Lakini leo nasimama. Mimi sijachoka. Wewe ndiye uliyechoka kuniogopea, na mzigo huo siwezi kukubebea."

Meneja aliangalia chini. Alipozungumza, umeneja ulikuwa umemtoka. "Siku ile kikombe kilipokuponyoka, chai ikakumwagikia, mimi ndiye niliyefuta."

"Nakumbuka. Ukafuta, nikamimina nyingine, nikainywa." Akamgusa bega. "Mpigie yule mtu wa simu, mwambie atafute chumba kwingine. Halafu ita vijana wa gari lako la vigae. Hili halilali hapa. Siwezi kuliacha kosa langu limesimama nyumbani kwa mwanangu, wageni wanalitazama."

"Na nguo zetu?" mkwe akauliza. "Nilishaanza kuhesabu za kuweka humo."

"Zipange kitandani, mwanangu. Kitanda hakina mtu."

Kabati likarudi lilikotoka, juu ya gari la vigae, likiwa limefungwa blanketi kama mgonjwa. Meneja mwenyewe alishika ncha moja kulishusha. Mama Msasa akauvua mlango wa kushoto, akaukwangua, akaupaka kahawia upya, akauacha ukauke kwa raha zake.

Jumapili ikafika, na Meneja akaja. Alisimama mlangoni, akafungua mdomo kusema neno lake la siku zote, akaufunga. "Shikamoo mama," akasema tu.

"Marahaba. Njoo huku, umekuja wakati wake." Mlango wa kahawia ulikuwa umekwisha kuning'inizwa mahali pake. "Mwenye kabati ni wewe, litachakaa kwa mkono wako. Fungua."

Akafungua kwa ncha za vidole.

"Hivyo ni kufungua kabati la mtu mwingine. Fungua kama unatafuta shati na umechelewa."

Akaufungua kwa nguvu, vidole vikajikunja kwenye ukingo, chini kidogo ya kishikio. Mama Msasa akapaona. Akachukua mshumaa, akaanza kusugua hapo, na mkono ukatetemeka kama kawaida yake, nta ikaenda huku na huku kwenye ukingo. Meneja akanyoosha mkono wake kuushika ule wa mama yake, utulie. Ulipokaribia kuugusa akausimamisha, akaurudisha kwenye kishikio.

"Nifungue tena?" akauliza.

"Fungua."